Mayai Yaliyoagizwa Mara Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza pamoja na mvua. Leo tulikuwa na kipindi cha kwanza cha Uendeshaji na Mnyororo wa Ugavi, nami nimetoka darasani nikiwa naelewa kidogo kuliko nilivyoingia. Mwalimu ni mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Hakujitambulisha. Alituambia tusimame, tujipange foleni hadi mlangoni, kisha akauliza, "Nani ameisababisha foleni hii?" Tukatazamana. Mmoja wetu, yule anayepitwa na kila kitu isipokuwa maneno, akasema, "Wewe, Mwalimu." Akasema, "Vizuri. Kaeni." Basi. Kabla ya saa sita darasa zima lilikuwa linamwita Bi Foleni, na yule kijana tumeshampa jina la Msemaji.

Nilipofika nyumbani Baba aliniuliza tumefundishwa nini. Nikamwambia foleni.

"Foleni?" akasema. "Mtu anaenda chuo kufundishwa kusimama?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nikacheka naye, lakini moyoni nilijiuliza swali hilohilo.

Mimi sina ruhusa ya kutoelewa. Sisi tunatotolesha vifaranga. Mashine ziko jengo la nyuma, hatua chache kutoka jikoni. Baba anaagiza mayai kwa simu kutoka kwa bwana mmoja mwenye shamba kubwa la kuku, ambaye sisi tunamwita Bwana Mayai. Yanakaa kwenye mashine wiki tatu, vifaranga wanatoka, na wateja wanakuja na maboksi yao kuwachukua siku hiyohiyo. Kazi hii Baba aliianza mwenyewe kabla sijazaliwa. Kaka ndiye aliyekuwa msaidizi wake, lakini mwaka ulipoanza aliondoka, akaenda kuziba pancha kwenye karakana ya matairi ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nimebaki mimi, na nimepelekwa shule ya biashara ili siku moja niishike.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Soksi zangu zote mbichi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo ilikuwa siku ya kutoa vifaranga, na vifaranga hawakuwepo.

Wateja walijaa uani na maboksi yao. Baba akafungua mashine mbele yao kwa mbwembwe zake za kawaida, na ndani trei zilikuwa tupu. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Alisimama ameshika mlango wa mashine, anatazama ndani, kama mtu aliyefungua kabati akakuta nyumba ya jirani.

"Huyu bwana hakuleta mayai!" akasema hatimaye. "Ameniangusha!"

Mama mmoja anayetununulia tangu nikiwa mtoto akauliza, "Sasa wiki tatu zote hukuona kwamba hakuna mayai ndani?"

Baba akamjibu kwa ukali, jambo ambalo si kawaida yake. Wateja wakaondoka wakinung'unika. Nikampigia Bwana Mayai mwenyewe.

"Binti yangu," akasema, "Mzee hakuniagizia. Mimi nilisubiri. Nikadhani mmepata shamba jingine, nikanyamaza na uchungu wangu."

Nilipomweleza Baba, akatikisa kichwa kwa huruma. "Yule bwana amezeeka. Anasahau."

Sijui nimwamini nani. Mama angekuwepo ningemuuliza, lakini tangu Januari yuko kwa dada yake, mama mkubwa, aliyeanguka akavunjika nyonga na hana mtu wa kumgeuza kitandani. Mama anapiga simu kila jioni. Leo Baba alimwambia kila kitu kiko sawa.

Jumanne, 12 Machi

Bi Foleni ametupa kazi ya muhula. Kila wawili wachague biashara ya kweli, waichore kuanzia mali inapoingia hadi inapotoka, watafute tatizo moja, waeleze chanzo chake. "Tatizo moja," alisisitiza. "Mkiniletea saba nitajua hamjaliona hata moja." Nimepangwa na Msemaji. Tumechagua mashine za Baba. Msemaji anaogopa kuku, lakini anasema vifaranga atawavumilia.

Alhamisi, 21 Machi

Mambo mawili leo, na sijui yanahusiana vipi.

La kwanza: magari matatu ya mayai yamekuja kati ya jana na leo. Matatu! Kwa kawaida huja moja. Dereva wa tatu alipopiga honi nilidhani amepotea njia. Baba alitoka, akatazama mzigo, akamtazama dereva, kisha akapiga makofi. "Shusheni! Msimu huu watu watataka kuku, mtaona." Zile mashine mbili kuukuu zilizokuwa zimefunikwa maturubai zikawashwa. Nikajiambia Baba anajua kitu nisichokijua mimi. Ameifanya kazi hii miaka mingi.

La pili: darasani Bi Foleni aliwaketisha wanafunzi wanne kwenye mstari, mmoja duka, mmoja jumla, mmoja ghala, mmoja kiwanda. Hawaruhusiwi kuongea, kila mmoja anamwandikia wa nyuma yake anachotaka. Mteja wa dukani alizidisha haja yake mara moja tu, kidogo. Ilipofika kiwandani, kidogo kile kilikuwa kimeshakuwa mlima, na baadaye mlima ukawa shimo. "Huu unaitwa mjeledi," akasema. "Mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka. Hakuna mjinga hapa. Kila mmoja amefanya lililo sawa kwa alichokiona."

Nilihisi kama mtu kaniwashia taa. Wateja walikosa vifaranga, wakaogopa, wakaanza kuagiza zaidi ya haja yao. Baba akasikia makelele yao, akaagiza maradufu na ziada. Mjeledi! Nikamvuta Msemaji nje kabla ya kipindi kwisha.

Kitu kimoja tu kinanikera. Trei zilikuwa tupu kabla wateja hawajaogopa. Msemaji anasema tusianze mambo ya trei.

Alhamisi, 28 Machi

Nilikwenda karakana ya matairi kumuona Kaka. Nilikwenda na hasira yangu mfukoni, nakiri. Baba amekuwa akisema kwamba Kaka ana mkono mrefu, kwamba alikuwa akitoa mayai kwa siri na kuwauzia watu, na ndiyo maana aliondoka bila kuaga vizuri. Nilitaka kusikia kutoka kwake.

Alikuwa amechuchumaa, mikono myeusi hadi viwiko. Hakuinuka.

"Kaka, Baba anasema ulikuwa unachukua mayai."

"Anasema hivyo?"

"Anasema. Ni kweli?"

Akatumbukiza mpira kwenye beseni la maji, akatafuta mapovu. "Muulize Baba aliyaona wapi mara ya mwisho."

"Mbona hujibu swali?"

"Nimejibu, bibie. Hukusikia tu." Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Anakula vizuri?"

Nimerudi nimekasirika zaidi. Mtu asiye na hatia husema sina hatia. Si ndivyo? Na kwa nini aulize habari za kula?

Jumatatu, 1 Aprili

Baba ameniita kwa jina la shangazi. Tukacheka.

Jumanne, 9 Aprili

Tumewasilisha. Msemaji alizungumza kama mgombea wa uchaguzi, mimi nikaonyesha mchoro: mstari tulivu mwaka mzima uliopita, kisha kuanzia Februari mstari unaruka juu na chini kama mtu anayekanyaga makaa. Nikaeleza mjeledi. Darasa likapiga makofi. Bi Foleni mwenyewe alisema mchoro ni msafi kuliko yote aliyoyaona mwaka huu.

Kisha akauliza, "Mwaka mzima wateja walikuwa haohao?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mwenye shamba yuleyule? Na mashine zilezile?"

"Ndiyo."

"Basi kabla ya Februari kulibadilika nini?"

Msemaji akaanza kueleza habari za hali ya hewa. Bi Foleni akamwinulia kidole anyamaze, bila ubaya.

"Anayeagiza mayai, umemuuliza?"

"Ni baba yangu."

"Ndiyo maana nauliza," akasema, akaita kundi linalofuata.

Ijumaa, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi. Mikono inanuka vifaranga, nywele zinanuka vifaranga, hata shuka.

Jana walitoka wote. Mayai ya magari matatu. Nilikuwa najua tarehe, sote tulijua, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Tulipofungua mashine ya kwanza ilikuwa furaha. Ya pili ikawa kazi. Tulipofika zile kuukuu, Fundi wa mashine, anayekuja kutusaidia siku za kutoa vifaranga, akaweka trei chini akasema, "Mzee, hawa tunawapeleka wapi?"

"Wateja wanakuja," Baba akasema.

Wateja hawakuja. Mto ulikuwa umepanda, maji yamekata barabara kule kwenye kalavati, na wachache wa huku kwetu walichukua mzigo wao wa kawaida wakaondoka. Nani atabeba mara tatu eti kwa sababu wewe unao? Saa tisa mchana umeme ukakatika. Taa za joto zikazimika zote kwa mkupuo mmoja, na vifaranga, ambao walikuwa wakilia kila mmoja kivyake, wakaanza kulia kwa pamoja. Sauti ile bado ninayo masikioni.

Tukawahamishia nyumbani. Sebuleni, jikoni, chumbani kwangu, kwenye maboksi, kwenye mabeseni, kwenye droo ya kabati langu ambayo nguo zake nilizimwaga sakafuni. Tuliwasha majiko ya mkaa tukafungua madirisha nusu. Msemaji, ambaye nilimpigia simu nikilia, alikuja kwa miguu amelowa chepechepe, akaingiza mikono kwenye boksi la vifaranga bila kusema hata neno moja. Msemaji! Bila neno!

Na Baba? Baba alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni, kifaranga mmoja kiganjani, akiuliza kwa upole, "Nani ameagiza mayai yote haya?"

Nilidhani anatania. Nikamjibu kwa hasira, "Wewe, Baba! Nani mwingine?"

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na baba yangu. Aliniogopa.

Kabla ya giza Kaka akaja na pikapu ya karakana. Sikumwita, aliitwa na Fundi. Alipakia maboksi, akapita njia ya juu inayozunguka mlima, akawagawia watu aliowajua na asiowajua, bure, ilimradi wapate joto. Alirudi akapakia tena. Lakini wengi walikuwa wameshakufa kwa baridi, na leo tangu asubuhi kazi imekuwa kuwafukia. Baba alishika koleo mwenyewe. Alifukia kwa adabu, kama mtu anayezika binadamu.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika haraka kabla sijajidanganya.

Baada ya chai, Baba alichukua simu. Nilikuwa nimekaa karibu naye nakunja nguo. Alimpigia Bwana Mayai. "Wewe bwana, kuku wako bado wanataga au wameomba likizo?" Akacheka. Akaagiza mzigo wa kawaida. Akaaga, akaweka simu mezani. Nikafurahi, nikasema moyoni, afadhali, amerudi kuwa yeye.

Akanywa maji. Akatazama mvua dirishani. Akapapasa mfuko, kisha meza, akaiona simu.

"Wewe bwana, kuku wako bado wanataga au wameomba likizo?"

Kicheko kilekile. Mzigo uleule. Hata pale alipovuta pumzi, ni palepale.

Nguo ilinibaki mkononi. Hakuna mjeledi. Hakuna wateja walioogopa. Ni Baba tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikwenda shule.

Jumatano, 17 Aprili

Mama amerudi. Nilimpigia nikamwambia neno moja tu, "Njoo," naye hakuuliza kwa nini, na hilo peke yake lilinitisha.

Alinikalisha jikoni, tukiwa tunachambua mchele ambao haukuhitaji kuchambuliwa.

"Ni mwaka wa pili sasa," akasema. "Mwanzoni alikuwa akisahau kuagiza, namkumbusha. Kisha akaanza kurudia. Kila akimaliza kuongea na yule bwana, mimi natoka nje nampigia, namwambia shika ya kwanza, hiyo nyingine achana nayo."

"Na Bwana Mayai alijua?"

"Alidhani mimi ndiye ninayebana matumizi. Alikuwa ananiita mama mkono wa birika."

Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. "Mama, mimi nimesimama mbele ya darasa nikaonyesha mwaka mzima wa mstari uliotulia. Nikasema ule ndio utulivu wa mfumo."

"Sijui mfumo ni nani," Mama akasema. "Nilikuwa mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe. "Ningewaambia, mngeanza kumtazama. Nilitaka abaki anatazamwa kama zamani, walau kidogo zaidi. Mama yako mkubwa alipoanguka nikajidanganya kwamba ni mwezi mmoja tu."

Sijui kama nimkasirikie au nimbusu miguu. Nimefanya yote mawili moyoni na hakuna lililosaidia.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilirudi karakana. Safari hii nilichuchumaa na mimi.

"Hukuchukua mayai."

"Sikuchukua."

"Mbona ulimwacha Baba akakuita mwizi? Mbona uliniacha mimi niamini?"

Kaka alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Aliagiza, akasahau kwamba ameagiza nusu tu, akatafuta nusu nyingine asiione. Akaniuliza mbele ya Fundi. Ningesema nini? 'Baba, mimi si mwizi, ila wewe akili inakutoka'? Mbele ya mtu? Nikaona heri mimi niondoke na jina baya, mimi bado nina umri wa kulisafisha."

Nilimwomba radhi. Akasema nisimchafulie karakana kwa machozi, kuna watu wanataka matairi yao.

Jumanne, 30 Aprili

Ripoti inatakiwa wiki ijayo. Nilikwenda ofisini kwa Bi Foleni, chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ukuta. Nikamweleza yote. Nilitegemea aniambie la kufanya. Ndiyo kazi yao walimu.

"Nikiandika mjeledi, ni uongo," nikasema. "Nikiandika ukweli, namvua nguo baba yangu. Niandike nini?"

Akavua miwani. "Sijui."

"Mwalimu?"

"Sijui, mwanangu. Ninachokifundisha ni mali inavyotembea. Hili lako limo ndani yake na halimo." Akaiweka miwani mezani. "Mimi mama yangu alikuwa mshonaji. Mwishoni alikuwa anashona mikono miwili upande mmoja wa gauni. Tulikuwa tunafumua akilala. Hakuna kitabu kilichoniambia kama tulifanya vyema."

Nimetoka hapo nimechanganyikiwa vilevile, ila nimepungua upweke.

Jumanne, 7 Mei

Nimepeleka ripoti. Nimeandika kwamba kila agizo lilipita kwa mtu mmoja, na kwamba kulikuwa na mtu wa pili ambaye mchoro wetu haukumuona kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzuia mambo yasitokee. Sikutaja maradhi. Nimefuta ule mchoro msafi. Msemaji alilalamika kwamba tutapoteza alama, kisha akatia sahihi.

Jumatatu, 13 Mei

Hospitali. Daktari alimuuliza Baba leo ni siku gani. Baba akamtazama kwa huruma. "Kijana, hospitali kubwa hivi hamna kalenda?"

Tulicheka wote, mpaka daktari. Kisha daktari akauliza tena.

Jumanne, 21 Mei

Tumepoteza alama. Kundi lililochora duka la viatu ndilo la kwanza.

Kaka amerudi kazini asubuhi, jioni bado yuko karakana. Tumekubaliana na Bwana Mayai: Mzee akipiga, apokee kwa heshima, aseme ndiyo kwa kila kitu. Mzigo wa kweli nitautuma mimi. Mama anasema ni sawa. Kaka anasema ni sawa. Mimi naona tumemjengea Baba simu ya kuchezea, na usiku wa leo sitakuwa na hamu ya kula mbele yake.

Jumatatu, 3 Juni

Mtihani ulikwisha Ijumaa. Mvua nazo zimekwisha, ua umekauka, na vifaranga wa juma lililopita walitoka kiasi kilekile walichoagiza wateja.

Asubuhi Baba alimpigia Bwana Mayai, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikijitia hamnazo. Alitoa utani wake, akaagiza, akaaga. Kisha hakuweka simu mezani. Aliishika tu.

"Huyu bwana siku hizi ana adabu sana," akasema.

Nikajitia kufunga kamba ya kiatu.

"Zamani nikisema mayai yako madogo, anawaka. Nikisema umechelewa, anawaka. Tulikuwa tunagombana mpaka mama yako anafunga dirisha. Sasa kila nikisema, 'Ndiyo Mzee, sawa Mzee.' Kama anaongea na mgonjwa." Akanigeukia. "Mmemwambia nini?"

"Tumemwambia mzigo nautuma mimi, Baba."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Nilidhani atalia, au atanishutumu kama alivyomshutumu Kaka. Akasema, "Sawa. Tuma wewe. Lakini mwambie asininyime ugomvi."

Nilitoka uani, nikampigia Bwana Mayai. Sikujua hata nimweleze vipi. "Baba yangu anakuomba umbishie," nikasema. Yule bwana akasafisha koo mara mbili, akauliza ampigie lini.

"Hata sasa."

Nilikuwa bado nimesimama pale uani simu ya Baba ilipolia ndani. Sikusikia alichoambiwa. Nilimsikia yeye: "Madogo! Ndiyo, nimesema madogo! Nani kakudanganya hayo ni mayai? Hayo ni dawa ya kikohozi!" Sauti ikapanda, ikapanda zaidi, mpaka Mama akatoka jikoni na mikono yake ya unga, akanitazama, akaenda kufunga dirisha.